Mlaji, Mliwa na Makazi: Maelezo juu ya Utafiti wa Ekolojia katika Msitu wa Kahuzi-Biega

0. Utangulizi

Msafiri atokaye Bukavu kwenda Bunyakiri huliacha Ziwa Kivu upande wake wa kulia, hupita Miti, kisha hupanda hadi Tshivanga, penye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ambayo wenyeji huiita Parke. Kuanzia hapo barabara huingia msituni. Kwanza huonekana mianzi, halafu vinamasi vyenye majani marefu, halafu miti mikubwa iliyofunikwa na mimea mingine juu ya matawi yake. Baadaye njia huanza kuteremka, hewa huwa na joto zaidi, na msitu wenyewe hubadilika sura. Afikapo Bunyakiri, katika nchi ya Watembo, wilaya ya Kalehe, msafiri huyo amekwisha kupita katika makazi ya wanyama wa kila namna, na yamkini hakumwona hata mmoja wao.

Wataalamu wa ekolojia hujiuliza swali moja ambalo msafiri huyo naye angeweza kujiuliza: imekuwaje viumbe wengi namna hii kuishi mahali pamoja, hali wote wanahitaji chakula, maji na nafasi, na hali wengine ni chakula cha wenzao? Makala haya yana nia ya kueleza majibu mawili makuu yaliyotolewa kwa swali hilo, yaani makazi na uwindaji, na kuonyesha jinsi utafiti uliofanywa katika Kahuzi-Biega unavyoyathibitisha au kuyarekebisha. Aidha, yanagusa suala la lugha, kwa kuwa maneno ambayo watu wa Kivu huyatumia kuwataja wanyama yana uzito wake katika jambo hili.

1. Istilahi tatu

Istilahi ya kwanza ni spishi. Spishi ni kundi la viumbe wanaoweza kuzaana na kupata wazao ambao nao wanaweza kuzaa. Wingi wa spishi mahali fulani ndio msingi wa kile kiitwacho bioanuwai, lakini kuhesabu majina pekee hakutoshi. Tuseme kuna vikapu viwili sokoni Bunyakiri, na kila kikapu kina matunda mia moja ya aina tano. Katika kikapu cha kwanza, matunda tisini na sita ni maparachichi, na kila aina nyingine ina tunda moja tu. Katika kikapu cha pili, kila aina ina matunda ishirini. Idadi ya aina ni ileile, lakini mnunuzi atiaye mkono bila kutazama atapata vitu mbalimbali katika kikapu cha pili, na katika kile cha kwanza atatoa parachichi karibu kila mara. Mtaalamu wa ekolojia hupima mambo hayo mawili kwa pamoja: kuna spishi ngapi, na zimegawanyika kwa usawa kiasi gani.

Istilahi ya pili ni makazi, yaani mahali penye hali zinazomwezesha kiumbe kuishi: kimo cha nchi, mvua, udongo, mimea, na maficho. Istilahi ya tatu ni uwindaji. Katika lugha ya kawaida, mwindaji ni mtu mwenye mkuki, mtego au bunduki. Katika ekolojia, uwindaji ni kitendo cha kiumbe yeyote anayemkamata mwingine na kumla. Mwindaji wa namna hiyo huitwa pia mbuai, na anayewindwa huitwa mawindo.

Hapa pana neno jingine la kuzingatia, nalo ni nyama. Katika Kiswahili kinachosemwa Kivu, nyama ni kile kilichomo chunguni, na pia ni mnyama aliye hai. Asemaye ameona nyama porini huenda ameona swala akikimbia, wala hajasema lolote juu ya kumla. Matumizi hayo si makosa, kwani ni ya zamani katika Kiswahili na katika lugha nyingi za Kibantu. Hata hivyo, yanaonyesha kwamba mtu naye amekwisha kujihesabu miongoni mwa walaji wa msitu. Ekolojia nayo humhesabu hivyo hivyo.

2. Makazi: kimo, tabaka na njia

Mwaka 1961 Robert MacArthur na John MacArthur walichapisha uchunguzi wao juu ya ndege wa misitu ya Marekani. Waliona kwamba wingi wa spishi za ndege ulitegemea zaidi jinsi majani yalivyopangika kutoka chini hadi juu kuliko wingi wa spishi za miti. Penye majani karibu na ardhi, majani ya katikati na majani ya kileleni, palikuwa na ndege wengi zaidi, kwa kuwa kila tabaka lilikuwa kama ghorofa yenye wapangaji wake. Hivyo makazi yenye sehemu nyingi huruhusu viumbe wengi kugawana mahali pamoja.

Kahuzi-Biega ni nyumba ya namna hiyo, tena kubwa. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na ukubwa wa kilometa za mraba 600 hivi, katika sehemu ya milima. Mwaka 1975 ilipanuliwa hadi kilometa za mraba 6,000 kwa kuongezewa misitu ya nchi ya chini kuelekea magharibi, na sehemu hizo mbili zikaunganishwa kwa ukanda mwembamba. Kilele cha Kahuzi kina kimo cha meta 3,308 na kile cha Biega meta 2,790, hali nchi ya chini hushuka mpaka kiasi cha meta 600. Ni mahali pachache Afrika ambapo msitu unaendelea bila kukatika kutoka tambarare yenye joto hadi milima yenye baridi. Kwa sababu hiyo UNESCO iliitia hifadhi hii katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1980, kisha ikaiingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997.

Ukanda ule mwembamba una maana kubwa kuliko ukubwa wake. Mnyama wa milimani akikosa njia ya kushuka, na wa chini akikosa njia ya kupanda, kila kundi hubaki kama watu wa kisiwani: huoana wao kwa wao, na ugonjwa au njaa ikiwapata, hakuna wageni wa kujaza pengo. Tena upanuzi wa mwaka 1975 uliingiza ndani ya mipaka maeneo yaliyokuwa tayari na vijiji na mashamba. Kwa hiyo mgogoro wa ardhi ulizaliwa siku ileile uliposogezwa mpaka, na mahali ambapo mnyama anahitaji njia zaidi ndipo mtu naye anahitaji shamba.

3. Sokwe na gorila katika msitu mmoja

Kiswahili cha kawaida humwita sokwe nyani mkubwa yeyote asiye na mkia, na mara nyingi gorila naye huingizwa katika jina hilo. Kumbe ni spishi mbili, na katika Kahuzi zinaishi pamoja. Jambo hilo liliwavutia watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia cha Lwiro, kilichotokana na taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani. Miongoni mwao ni Juichi Yamagiwa, aliyewachunguza gorila wa Kahuzi kwa miaka mingi, na Augustin Basabose, mtaalamu Mkongomani wa Lwiro, aliyewafuata hasa sokwe.

Njia yao ya kazi haikuhitaji vyombo vya ajabu. Waliwafuata wanyama kwa nyayo, wakahesabu viota vyao vya usiku, wakakusanya kinyesi, wakakiosha katika chujio na kutazama mbegu, nyuzi za majani na mabaki mengine. Kwa kufanya hivyo mwezi baada ya mwezi waliweza kujua kilicholiwa, wakati gani, na mahali gani.

Ilidhihirika kwamba gorila na sokwe wote wawili hupenda matunda, na mara nyingi ni matunda ya miti ileile, kama vile mikuyu. Kwa mujibu wa kanuni ya kale ya ekolojia, spishi mbili zenye mahitaji yaleyale kabisa haziwezi kukaa pamoja daima: mmoja atamshinda mwenziwe. Mbona basi hapa hakuna aliyemfukuza mwingine? Jibu lilipatikana katika miezi ambayo matunda ni haba. Gorila hugeukia majani, mashina, magome na machipukizi ya mianzi yanapokuwapo, na kundi lao huhamahama. Sokwe hushikilia matunda. Hugawanyika katika vikundi vidogo na kurudia miti ileile waijuayo. Meza ni moja, lakini mmoja hubadili chakula na mwingine hubadili namna ya kuketi. Walipokutana penye mti wenye matunda, kwa kawaida walikwepana.

Amani hiyo isichukuliwe kuwa sheria ya milele. Huko Loango, nchini Gabon, mwaka 2019 watafiti waliona sokwe wakiwashambulia gorila mara mbili, na katika kila shambulio mtoto mmoja wa gorila aliuawa. Kuishi pamoja ni matokeo ya hali fulani ya makazi na chakula. Hali ikibadilika, uhusiano nao huweza kubadilika.

4. Uwindaji: je, mlaji hupunguza au huongeza?

Watu wengi hudhani kwamba mlaji hupunguza tu. Dhana hiyo ilitikiswa na Robert Paine katika pwani ya Washington, Marekani. Kuanzia mwaka 1963, katika sehemu moja ya miamba ya bahari, Paine aliwaondoa viti vya pwani, wale wanyama wenye umbo la nyota, ambao huwinda kome. Sehemu ya jirani aliiacha kama ilivyokuwa. Mahali walipoondolewa, kome walienea na kuishika miamba karibu yote, na spishi kumi na tano zilizokuwapo zikapungua hadi nane. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1966. Mlaji alikuwa akimzuia mwenye nguvu asiwanyime wengine nafasi. Baadaye Paine alimlinganisha kiumbe wa namna hiyo na lile jiwe la katikati juu ya tao la mlango: likitolewa, mawe mengine huanguka ingawa kila moja ni zima.

Lakini Afrika ya Mashariki inao mfano unaokwenda kinyume. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 idadi yake ilipanda kwa kasi, na samaki wadogo waitwao furu, waliokuwa wa mamia ya spishi zisizopatikana penginepo, walipungua vibaya. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Katika ziwa hilo mlaji hakulinda wingi wa spishi, aliuvunja. Tofauti ni historia: viti vya pwani na mawindo yao walikuwa wamezoeana kwa maelfu ya miaka, na kome alikuwa mshindi anayehitaji kuzuiwa. Furu hawakuwahi kumjua sangara, wala hawakuwa na pa kujificha.

Hata mlaji mwenyeji huweza kupita kiasi. Huko Ngogo, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe ni wengi mno na huwinda mbega wekundu. Katika miongo iliyofuata miaka ya 1970 mbega hao walipungua sana, na watafiti walihusisha upungufu huo na uwindaji wa sokwe. Kahuzi nako sokwe ni mbuai. Mwaka 1997 Basabose na Yamagiwa walichapisha ushahidi kwamba sokwe wa mlimani hula wanyama, wakiwemo kima, ushahidi uliotokana hasa na mabaki yaliyoonekana katika kinyesi. Yule ajulikanaye kuwa mla matunda, kwa kima ni adui.

Uwindaji una athari nyingine isiyohitaji damu, nayo ni hofu. Gorila wa Kahuzi hulala mara nyingi katika viota vya ardhini, wakiwa karibu na dume lao lenye mgongo wa fedha. Yamagiwa alieleza mwaka 2001 kwamba kundi moja lilipofiwa na dume lake, majike na watoto walizidisha kulala mitini; dume jipya lilipojiunga nao, walirudia kulala chini. Hata pale ambapo chui amekuwa adimu au hayupo tena, tabia ya kumwogopa inaendelea kupanga mahali pa kulala. Kwa hiyo makazi ya mnyama hayaamuliwi na chakula peke yake. Huamuliwa pia na yule anayeweza kumla.

5. Mtu, mwindaji wa mwisho

Katika mifano yote iliyotangulia mtu alikuwa mtazamaji, ama ndiye aliyeleta mlaji mgeni. Katika Kahuzi-Biega hapana budi kumtazama kama mwindaji mwenyewe. Mwaka 1990 hesabu ilionyesha gorila 258 katika sehemu ya milima. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilijaza silaha nchini na kuwasukuma watu wenye njaa msituni. Mnamo mwaka 2000 bei ya koltani ilipopanda, wachimbaji wengi waliingia katika nchi ya chini na kulishwa kwa nyama ya porini. Ilipofika mwaka huo, gorila wa milimani hapo walikuwa kama 130. Ndovu wa sehemu hiyo, waliokuwa mamia, walikuwa karibu kwisha kabisa. Hesabu ya mwaka 2015 iliwakuta gorila 213, jambo lililoonyesha kwamba ulinzi unaweza kuzaa matunda. Kwa gorila wote wa mashariki wa aina ya Grauer, ambao hupatikana Kongo tu, makadirio ya miaka ya katikati ya 1990 yalikuwa 17,000; yale ya mwaka 2021 ni 6,800.

Ndovu alipoondoka, hakuondoka peke yake. Ndovu ni mlaji wa mimea: huvunja matawi, hukanyaga mitambaazi, hufungua njia na kusambaza mbegu. Katika milima ya Kahuzi kuna mtambaazi uitwao kwa jina la kitaalamu Sericostachys scandens, ambao hupanda juu ya miti, huifunika na kuinyima mwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walieleza jinsi mtambaazi huo ulivyoenea katika hifadhi. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kutoweka kwa ndovu na kukatwa kwa miti na mianzi, kunakoruhusu mwanga kupenya na mtambaazi kukua haraka. Mfano wa Paine umerudi, safari hii mlimani: mlaji ametolewa, na mmoja mwenye nguvu ameshika nafasi ya wengi. Mwaka 1992 Kent Redford alikwisha kuonya kwamba msitu unaweza kuonekana mzima kwa mbali, hali ndani yake ni mtupu kwa kukosa wanyama wanaoutunza.

Hata hivyo, kusema kwamba mtu ni mwindaji hakutoshi, kwani watu si wamoja. Watwa waliishi kwa kuwinda na kukusanya matunda katika msitu huu kabla ya hifadhi kuwako, na gorila na ndovu walikuwamo. Walitolewa katika miaka ya 1970 bila kupewa ardhi nyingine ya kuwatosha. Katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kwamba haki zao zilivunjwa. Mwenye mkuki atafutaye chakula cha jioni na mwenye bunduki ya kivita auzaye pembe mbali wote huitwa wawindaji, lakini athari zao katika msitu si sawa. Ekolojia yenyewe inafundisha kupambanua hivyo, kwa kuwa swali lake la kwanza daima ni: nani anamla nani, kwa kiasi gani, na mahali gani?

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wingi wa spishi hutegemea makazi yenye sehemu nyingi zilizounganika, na kwamba mlaji anaweza kuulinda au kuuharibu wingi huo kwa kadiri ya historia yake na mawindo yake, na kwa kadiri ya idadi yake. Kahuzi-Biega imetoa mifano ya mambo hayo yote katika muda wa maisha ya mtu mmoja.

Lipo jambo moja la mwisho. Mfuata-nyayo anayemwongoza mtaalamu msituni humwambia kwa Kiswahili kwamba kiota hiki ni cha jana, au kwamba jike hili limelala mtini. Maneno hayo huandikwa daftarini, kisha matokeo huchapishwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na ni nadra kurudi katika lugha yalimotamkwa kwanza. Wakati huohuo mkulima wa Bunyakiri, ambaye shamba lake linapakana na ukanda ule mwembamba, hutakiwa kuulinda msitu bila kuelezwa kwa nini ndovu aliyekufa milimani anahusika na mti wa mkuyu. Istilahi zipo: spishi, makazi, mbuai, mawindo. Zikifundishwa katika shule za sekondari za Kalehe na Kabare sambamba na majina ya Kitembo, Kihavu na Mashi, mwanafunzi ataweza kusema kwa lugha yake ni lini nyama ni chakula, na ni lini nyama ni mnyama aliye kazini msituni.